Maganda Yaliyooshwa

RHETT: Haloo? Nani huyo?

KAYLENE: Mimi.

RHETT: Mimi nani? Wakina mimi wako wengi.

KAYLENE: Rhett, acha zako. Ni Kaylene.

RHETT: Namba haijaleta jina.

KAYLENE: Umenifuta?

RHETT: Simu ilidumbukia kwenye maji ya ng'ombe. Ikafuta yenyewe.

KAYLENE: Ikanifuta mimi peke yangu.

RHETT: Simu za siku hizi zina akili.

KAYLENE: Haya. Habari za huko?

RHETT: Matope. Habari za huko?

KAYLENE: Nzuri. Mbona upepo hivyo? Uko wapi?

RHETT: Juu ya marobota ya nyasi, kwa mzee Haugen. Si unajua Montana yetu hii, usipopanda mtandao huupati. Pale chini hata ukimpigia Mungu— (mkwaruzo) —anakuambia jaribu baadaye.

KAYLENE: Shuka, utaanguka.

RHETT: Nikianguka utaambiwa. Josie anaumwa?

KAYLENE: Mwanao mzima. Yuko bwawani. Moteli ina bwawa la ndani, hataki kutoka, vidole vimekunjamana kama bibi kizee.

RHETT: Yuko na nani?

KAYLENE: Na Brant.

RHETT: Ahaa.

KAYLENE: Usianze.

RHETT: Nimesema ahaa. Siku hizi hata ahaa inahitaji kibali?

KAYLENE: Rhett, sijapiga tugombane.

RHETT: Najua. Umepiga unataka kitu. Tangu uhame kwangu hujawahi kupiga bure. Sema, niko kazini, Haugen akiniona juu huku atadhani nimelala.

KAYLENE: Ni risasi.

RHETT: Zimefanyaje?

KAYLENE: Zinapanda na kushuka. Leo tulikuwa na mazoezi, yadi elfu moja, upepo umetulia kabisa. Kushoto na kulia niko sawa, yani uzi. Ila juu na chini! Moja inapiga utosini mwa shabaha, inayofuata inapiga vumbi. Nikatulia, nikavuta pumzi, nikapiga tena. Vumbi.

RHETT: Bunduki umekagua?

KAYLENE: Nimekagua. Skurubu zote zimekaza. Darubini haijacheza.

RHETT: Baruti?

KAYLENE: Kopo lile lile. Nimepima kila moja kwenye mizani.

RHETT: Basi ni wewe.

KAYLENE: Sio mimi.

RHETT: Una uhakika?

KAYLENE: Rhett, sio mimi!

RHETT: Najua sio wewe. Nilitaka tu nikusikie ukibisha.

KAYLENE: Mjinga wewe.

RHETT: Ndo mimi. Sasa niambie, ukikandamiza kichwa cha risasi kiingie kwenye ganda, mkono unasikia nini?

KAYLENE: Ndo hapo sasa. Hili linaingia laini. Linalofuata linagoma, nasukuma, nasukuma, halafu linaingia kwa mshtuko. La tatu laini tena. Shingo za maganda hazishiki sawa. Mkazo wake kila moja na wa kwake.

RHETT: Maganda yapi hayo?

KAYLENE: Ya sanduku la kijani.

RHETT: Yangu.

KAYLENE: Uliniachia.

RHETT: Yalibaki kwenye gari lako. Hukurudisha. Hiyo haiitwi kuachiwa.

KAYLENE: Yamepigwa na bunduki yangu tangu yakiwa mapya. Wewe ungeyafanyia nini?

RHETT: Ndo nakwambia sasa! Yale maganda yamejulia maisha ndani ya bunduki ile. Hayajawahi kuchanganywa na mengine hata siku moja. Hayawezi kugoma hivi hivi tu, labda kama kuna mtu kayafanya kitu. Chukua moja.

KAYLENE: Ninalo.

RHETT: Chungulia ndani ya shingo. Kuna nini?

KAYLENE: Hamna kitu.

RHETT: Hamna kitu vipi? Hamna masizi?

KAYLENE: Hamna. Pasafi.

RHETT: Pasafi kiasi gani?

KAYLENE: Pasafi tu.

RHETT: Kaylene.

KAYLENE: Panang'aa.

RHETT: Panang'aa.

KAYLENE: Ndani na nje. Naona jicho langu humo.

RHETT: Nani kayaosha?

KAYLENE: (kimya)

RHETT: Haloo? Mtandao umekata?

KAYLENE: Niko hapa.

RHETT: Nimeuliza kitu.

KAYLENE: Alitaka kusaidia tu, Rhett.

RHETT: (anacheka) Toba! Brant! Brant kaosha maganda yangu!

KAYLENE: Usicheke.

RHETT: Jamaa anapiga jinzi pasi, unadhani ataona kitu chenye masizi akiache? Mimi nilijua. Siku ya kwanza amekuja kumchukua Josie nikaangalia tairi za pikapu lake, nikasema huyu hajawahi kukanyaga mavi ya ng'ombe maisha yake yote. Kayaosha na nini?

KAYLENE: Ameagiza mashine. Inazungusha maji, sabuni, na vile visindano vya chuma. Akayaacha usiku kucha.

RHETT: Usiku kucha! Kudadeki!

KAYLENE: Asubuhi nikakuta kayapanga mezani, juu ya taulo, yanawaka kama dhahabu. Na maua pembeni.

RHETT: Na maua.

KAYLENE: Ndio, na maua.

RHETT: Na wewe ukasemaje?

KAYLENE: Nikasema asante. Ungetaka niseme nini? Mtu kaamka—

RHETT: Mi nimekutengenezea risasi ndoa nzima. Nzima! Moja moja, kwa mkono, kule gereji, masikio yameganda. Sijawahi kusikia asante.

KAYLENE: Hukuwahi kunipa mkononi.

RHETT: Nini?

KAYLENE: Hukuwahi kunipa mkononi, Rhett. Ulikuwa unaweka sanduku juu ya friji unaniambia, "Usipoteze ganda hata moja." Basi. Halafu unarudi gereji.

RHETT: Zilikuwa zinapiga au hazipigi?

KAYLENE: Zilikuwa zinapiga.

RHETT: Basi.

KAYLENE: Haya, basi. (mkwaruzo) —nifanyeje sasa? Nimebakiza sanduku zima halijajazwa. Nina mashine ya kukandamizia hapa, nimeifunga kwenye meza ya moteli, nina vifaa vyote. Kesho asubuhi ndo mashindano yenyewe. Niambie.

RHETT: Kesho ukishinda inakuwaje?

KAYLENE: Sio lazima kushinda. Niwe tu kwenye watano wa juu.

RHETT: Ukiwa kwenye hao watano, inakuwaje?

KAYLENE: Kuna watu wanaangalia. Timu.

RHETT: Ya wapi?

KAYLENE: Rhett, unakatika—

RHETT: Sikatiki. Mtandao hapa juu mweupe kama meno ya Brant. Timu ya wapi?

KAYLENE: Texas.

RHETT: Asante. Nilishajua. Josie kaniambia wikiendi ile. Tunakula mayai, ananiambia, baba, kule Texas hakuna theluji, na Brant kanionyesha shule yangu mpya kwenye simu, ina bembea ya tairi. Mtoto wa darasa la pili ndo ananiletea habari za kuhama kwake.

KAYLENE: Nilikuwa nitakwambia.

RHETT: Lini? Kwenye kadi ya Krismasi?

KAYLENE: Ikitokea! Haijatokea bado. Na kwa hizi risasi haitatokea, hata mlima nitaukosa. Ni kazi, Rhett. Ya mshahara. Nitalipwa kupiga bunduki. Unajua mimi nakunja mashuka ya hospitali tangu—

RHETT: Najua unakunja nini.

KAYLENE: Basi.

RHETT: Na wikiendi zangu? Toka huku mpaka Texas mtu anaendesha mpaka anasahau alikuwa anaenda kwa nani. Nitamwona saa ngapi? Nimpungie mkono juu ya haya marobota?

KAYLENE: (kimya)

RHETT: Ndo jibu hilo?

KAYLENE: Sijui, Rhett. Sijui. Ila naomba msaada wako. Nakuomba. Unajua sijawahi kukuomba kitu.

RHETT: Hilo kweli. Hata chumvi ulikuwa unainuka mwenyewe.

KAYLENE: Nifanyeje?

RHETT: (kimya)

KAYLENE: Rhett?

RHETT: Nafikiri.

KAYLENE: Nasikia upepo tu.

RHETT: Zimelegea.

KAYLENE: Nini?

RHETT: Shingo. Kule kuoshwa kumezilegeza. Hazishiki kichwa vizuri, ndo maana kila moja inatema kivyake. Una zile bushi? Zile pete za chuma za kubania shingo?

KAYLENE: Ninazo zote.

RHETT: Toa iliyopo kwenye mashine, weka ndogo yake. Tena ruka moja, chukua ile ndogo zaidi. Pitisha maganda yote upya. Zibane.

KAYLENE: Zimelegea? Mbona zingine zinagoma?

RHETT: We umepiga simu uulize au ufundishe?

KAYLENE: Nauliza tu. Kitu kilicholegea kinagomaje?

RHETT: Kinagoma. Zibane. Zikibanwa zote zitakuwa sawa.

KAYLENE: Haya. Haya, wewe ndo unajua. Nakuweka kwenye spika, nahitaji mikono yote miwili.

RHETT: Si nimeshakwambia? Fanya tu, mi niache nishuke.

KAYLENE: Subiri nijaribu kwanza, ikikataa nitakupataje tena? (mlio wa chuma) Iko wapi hii— hii hapa. Yani hizi pete zako bado zina namba ulizochora na msumari.

RHETT: Zile za kiwandani hazisomeki.

KAYLENE: Macho yako ndo hayasomi. Mama yako alikuwa anakwambia ukapimwe.

RHETT: Mama naye ulimwambia Texas?

KAYLENE: Sijamwambia mtu. (mlio wa chuma) Rhett, hebu nikwambie kitu. Nilikuwa nimeshafikiria, hata kabla ya leo. Sikutaka tu kusema kwenye simu.

RHETT: Sema.

KAYLENE: Tukihama, Josie atakaa na wewe kiangazi chote. Umesikia? Shule ikifunga nakuletea mwenyewe mpaka mlangoni, namfuata shule ikikaribia kufunguliwa. Kiangazi chote. Sio wikiendi wikiendi hizi, mtoto analala huku nguo ziko kule. Akae na baba yake, avue samaki, achafuke. Nimeongea na Brant, kasema sawa.

RHETT: Kasema sawa.

KAYLENE: Usishike hapo tu. Sikia hilo lingine.

RHETT: Nimelisikia.

KAYLENE: Sasa mbona kimya?

RHETT: Kuna... Haugen ana farasi jike, mpole, nimemzoesha tangu theluji ianze kuyeyuka. Jioni nikimaliza kazi. Nikawa nimechukua tandiko langu la utotoni, nimefupisha kamba za kukanyagia miguu. Za kimo cha Josie. Yani sikujua kama... nilifupisha tu.

KAYLENE: Atafurahi mpaka azimie.

RHETT: Ndio.

KAYLENE: Unaona? Haya, nimeshabana mawili. Naweka kichwa kwenye hili, ganda tupu, bila baruti bila fataki, nisikie tu.

RHETT: Kaylene, subiri kwanza.

KAYLENE: Nini?

RHETT: Hiyo bushi— (mkwaruzo) —usiweke—

KAYLENE: Unakatika. Ngoja nimalize hili.

RHETT: Usikandamize! Kaylene! We ng'ombe toka hapo, unatikisa marobota— Kaylene!

KAYLENE: (mlio wa chuma)

RHETT: Haloo?

KAYLENE: Limelia. Rhett, limelia. Kama bawaba ya geti bovu. Na kichwa kimechubuka, shaba imetoka vipande hapa juu ya shingo. Naweka la pili.

RHETT: Usiweke la pili.

KAYLENE: Naweka.

RHETT: Acha, nimeshakwambia acha!

KAYLENE: (mlio wa chuma) Limelia vilevile. Hazikuwa zimelegea hizi.

RHETT: Nilikuwa nakwambia sa hivi—

KAYLENE: Zilikuwa zinang'ang'ania. Kavu. Na mimi nikazibana zaidi kwa maneno yako.

RHETT: Nimesema subiri! Haki ya Mungu nimesema subiri, hukusikia?

KAYLENE: Ulisema subiri niliposema kiangazi. Nisingesema kiangazi ungesema subiri?

RHETT: Kaylene...

KAYLENE: Jibu. Ni swali la ndio au hapana.

RHETT: Sijui.

KAYLENE: Unajua nini kinaniuma? Mkono huu uliufundisha wewe. Tulikuwa bado hatujaoana. Ulinifunga macho na skafu yako, ukaniweka mbele ya mashine, ukasema usisikie na vidole, vidole vinadanganya, sikia na kiwiko. Nikakaa pale Jumapili nzima kama kipofu, na wewe unacheka. Leo unataka kuudanganya mkono ule ule?

RHETT: Sikufikiria.

KAYLENE: Ulifikiria. Nilisikia upepo, ulifikiria muda mrefu tu. Ungeniacha niende pale kesho, mbele ya wale watu, na Josie kakaa kwenye kiti cha kukunja na bango lake.

RHETT: Ana bango?

KAYLENE: Kachora mwenyewe.

RHETT: Kaandika nini?

KAYLENE: Hutaki kujua.

RHETT: We unataka niseme nini? Niseme mimi mbaya? Haya, mimi mbaya. Mi nina nini huku? Nyumba ina vyumba vitatu, naishi kwenye kimoja. Wikiendi yake ikifika ndo nawasha taa zote. Halafu mtu ananipigia, ananiambia, Rhett, nisaidie nimwondoe. Na mi niseme karibu, bana hivi, legeza hivi, safari njema. We ungefanya?

KAYLENE: Mimi ningesema hapana. Ningesema, sikusaidii, kufa huko. Hiyo ningeielewa.

RHETT: Kirahisi hivyo.

KAYLENE: Ndio. Kwaheri, Rhett.

RHETT: Usikate! Usikate. Gari uliloendea ni lile lile?

KAYLENE: Lile lile nini?

RHETT: La kwako. Bluu.

KAYLENE: Ndio. Kwa nini?

RHETT: Brant kashaliosha?

KAYLENE: Rhett!

RHETT: Nauliza kweli. Ndani. Kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria, kashakisafisha?

KAYLENE: Hajagusa. Kufuli ya kile kisanduku anaishindwa, mpaka uigonge chini na ngumi.

RHETT: Afadhali. Nenda kaigonge. Kuna kichupa kidogo chenye mdomo mrefu, ndani kuna unga mweusi. Unga wa kufuli, ule wa kupuliza kwenye tundu la ufunguo wakati wa baridi.

KAYLENE: Sijawahi kuweka kitu kama hicho.

RHETT: Niliweka mimi. Ile baridi uliyokesha kazini halafu mlango ukagoma kufunguka, ukatembea mpaka nyumbani na viatu vya hospitali.

KAYLENE: Hukuniambia.

RHETT: Kipo. Nenda.

KAYLENE: Na nitajuaje kama huo nao sio uongo?

RHETT: Mkono unao.

KAYLENE: ...Usikate.

RHETT: Sikati. (upepo) Haloo? ... Bado naona jina halipo. Hata namba nzuri, ina saba nyingi. ... We ng'ombe, ukiendelea kula hilo robota la chini nikidondoka Haugen atakuuza wewe. ... Haloo?

KAYLENE: Nimekipata.

RHETT: Kimejaa?

KAYLENE: Nusu. Kilikuwa chini ya glavu zako.

RHETT: Zile za kahawia? Nilizitafuta mpaka nikagombana na mbwa.

KAYLENE: Sema nifanyeje, Rhett. Watarudi sa hivi.

RHETT: Hayo mawili uliyobana yaweke pembeni, yameharibika kwa leo. Rudisha bushi ya zamani. Chukua ile brashi ndogo ya nailoni, mwagia unga kidogo, ipitishe ndani ya shingo. Ingiza, toa. Mara moja. Kung'uta ganda mezani ule wa ziada uanguke. Basi.

KAYLENE: Basi?

RHETT: Basi. Ndo masizi yenyewe hayo, ya kuazima. Mi nilikuwa nafuta maganda nje tu na kitambaa. Ndani nilikuwa siondoi, sio kwa uvivu. Yale masizi ndo mafuta ya shingo. Kichwa kinateleza juu yake kinaingia kwa nguvu moja, na kikitoka kinatoka kwa nguvu moja. Ukiosha unabakiza shaba kavu kwa shaba kavu. Zinang'atana. Hii inang'ata sana, hii kidogo, na kule mbali unapata utosi na vumbi.

KAYLENE: Kumbe ndo hivyo.

RHETT: Ndo hivyo.

KAYLENE: Miaka yote hiyo nilidhani hujali uchafu.

RHETT: Pia sijali uchafu.

KAYLENE: Nimeweka unga. Nakandamiza.

RHETT: Hebu sogeza simu karibu na mashine. Na mi nisikie.

KAYLENE: Haya.

RHETT: (kimya)

KAYLENE: Umesikia?

RHETT: Sijasikia kitu.

KAYLENE: Ndo limeingia hilo.

RHETT: Kiwiko kinasemaje?

KAYLENE: Kama kisu kwenye siagi. Naweka lingine. (kimya) Sawa. (kimya) Sawa. (kimya) Hili gumu kidogo.

RHETT: Unga haukufika. Rudia.

KAYLENE: (kimya) Ndio. Sawa sasa. Yote yanafanana, Rhett. Yote.

RHETT: Basi una mashindano kesho.

KAYLENE: Ninayo.

RHETT: Watano wa juu utaingia. Hata watatu. Ukiamka kusije kukawa na upepo tu. Endelea kukandamiza, mi nasikiliza tu. Haugen ameshaingia ndani kula.

KAYLENE: Wamerudi. Nasikia miguu ya Josie koridoni, anakimbia. Nimemwambia asikimbie na maji.

RHETT: Nipe niongee naye.

KAYLENE: Kalowa, anatetemeka, ngoja ajifute.

RHETT: Sekunde moja tu. Nimwambie habari ya farasi.

KAYLENE: Usimwambie habari ya farasi.

RHETT: Kwa nini?

KAYLENE: Mtoto akiambiwa kitu anakishika.

RHETT: Lakini umesema kiangazi—

KAYLENE: Hayo ya kiangazi niliyasema ile bushi ikiwa ndani ya mashine, Rhett. Nimeshaitoa.

RHETT: Kaylene, nimekupa dawa. Nimekupa ya kweli. Nilikuwa naweza kukaa kimya.

KAYLENE: Najua.

RHETT: Nimekupa mwenyewe, na najua inaenda wapi!

KAYLENE: Najua. Asante. Unaona? Nimesema asante. (mkwaruzo) —mwanangu, vaa taulo! Brant, mpe taulo kavu— Rhett, nakata, simu yangu ina chaji kidogo.

RHETT: Lile la kiangazi tutaongea lini?

KAYLENE: Tutaangalia.

RHETT: Tutaangalia maana yake nini?

KAYLENE: Maana yake sijui kama naweza kukuachia mtoto halafu nikakupigia nikuulize yuko salama, na nikaamini jibu. Ndo maana yake. Kwaheri. Shuka taratibu.

RHETT: Subiri! Kesho ukimaliza kupiga, yale maganda, usimpe ayaoshe tena.

KAYLENE: Rhett, inazi—

RHETT: Acha yashike masizi yake upya, mara mbili tatu yatakaa sawa. Futa nje tu. Ndani yasiguswe.

KAYLENE: (mkwaruzo) —kusikii—

RHETT: Ndani yasiguswe! Na mwambie Josie, usimwambie farasi, sawa, mwambie tu tandiko. Mwambie kamba nimezifupisha. Haloo?

RHETT: Kaylene?

RHETT: (upepo) Haloo? ... Nimezifupisha tayari.